Geti la Ngazini

6 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba goti limepunguza kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Meneja anakusalimu. Tangu atimize miaka mitatu hakuna kinachofanyika humu ndani bila ruhusa yake, na juzi alimkataza mwenye nyumba kukaa kwenye kiti cha baba yake. Mdogo wake ameanza kutambaa. Wenzangu hapa kwenye mizani ya malori wamempachika jina la Katapila, kwa sababu siku niliyokwenda naye kazini alivuka kikapu, mafaili na mguu wa dereva mmoja bila kugeuza njia.

Nimeona nikuandikie mwenyewe. Kwenye simu hunisikii vizuri, na mwanao akikaa katikati kutufikishia maneno, naona yanachoka njiani.

Jambo lenyewe ni hili. Kama alivyokueleza, tunaomba watoto waje kukaa kwako kuanzia mwanzoni mwa Aprili, maana nina safari ya kikazi. Mama, ngazi yako naijua. Upande mmoja ukuta, upande wa pili hewa tupu. Tangi la maji lililochimbwa uani limefunikwa kwa bati lililoliwa na kutu, na juu ya bati tofali, kana kwamba tofali litamwambia mtoto arudi. Mafuta ya taa unayaweka kwenye chupa ya soda, chini ya karai. Na sebule ndiyo chumba chako cha kushonea, kwa hiyo kila nikikaa kwenye zulia lako nainuka na pini.

Sikuja na maneno matupu. Nilimwomba mwanao achomelee geti la ngazini. Mtu anayewatengenezea mageti watu wa mji mzima huko, nikajua kwa mama yake atalimaliza kati ya chakula cha mchana na chai. Mwisho wa mwezi akaja huku na jibu lako: kwamba nyumba ya marehemu mumeo si zizi, na geti halitawekwa humo ukiwa hai.

Niliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Sasa nimemaliza kuosha na bado nina hasira. Nakuheshimu, na kwa heshima hiyo hiyo nasema: wanangu hawalali kwenye nyumba hiyo mpaka ngazi ifungwe na tangi lifunikwe kama tangi linavyofunikwa.

Mkwe wako anayekuheshimu, ingawa leo kwa taabu.


27 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba. Goti halijapunguza, wala halijaahidi. Huku ni msimu wa sare za shule, nimezungukwa na mashati yasiyo na mikono. Jirani yangu ameezeka bati jipya na sasa hana hadithi nyingine. Hata ukimwambia habari za mvua anakwambia bati lake halisikii.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama. Nikaona haisomeki nimesimama, nikakaa.

Nyumba hii imelea watoto, bibi wewe. Imemlea hata huyo unayemwita mume. Wote walipanda ngazi hiyo kwa magoti na kuishuka kwa makalio, na hakuna aliyekwenda shule na kichwa pungufu. Hatukuwa na geti. Tulikuwa na jicho langu, na jicho likishindwa kulikuwa na kandambili yangu. Leo wewe, ambaye ukija hapa unalala mpaka jua linaingia chumbani, ndiye unayenifundisha kukaa na mtoto?

Kuhusu hayo maneno ya zizi, sikumbuki kuyasema. Lakini nimeyatazama vizuri na nimeyapenda, kwa hiyo yahesabu kuwa ni yangu.

Na usijifanye wa kwanza kukosewa. Yako yalinifikia mapema. Mwanangu aliniambia ulivyosema, kwamba nyumba yangu hata mbuzi hawezi kulelewa humo akakua. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Niliuweka uzi chini, chai ikapoa mbele yangu. Sikukuandikia kwa sababu nilijua nikianza sitakoma, na kweli umeona.

Pini za kwenye zulia ndizo zilizomsomesha huyo mumeo mpaka akajua kushika chuma. Siziombei radhi.

Halafu niambie: ni kazi gani hiyo inayomtoa mama kwa mtoto anayenyonya? Malori yameanza kupimwa ng'ambo? Nauliza tu, kama mwenye zizi anayeombwa kulaza watu.

Mama mkwe wako.


15 Machi

Mama,

Shikamoo. Meneja alikuwa na mafua, yamekwisha. Mimi niko sawa.

Nianze na mbuzi. Sijasema. Naapa kwa wanangu wote wawili sijasema. Nilichomwambia mwanao ni kwamba nyumba yako ilijengwa na watu wazima kwa ajili ya watu wazima. Huyo mbuzi sijui aliingilia wapi.

Sasa nikwambie kitu ambacho sikutaka kukwambia. Umeniambia jicho. Mwezi wa kwanza, nilikuwa jikoni kwangu, na Katapila alikuwa miguuni pangu. Miguuni, Mama, si chumba cha pili. Niligeuka kuzima jiko. Nilipogeuka tena alikuwa ameshika ncha ya kitambaa cha meza, anakivuta ili asimame, na chupa ya chai inakuja na kitambaa. Niliruka. Chupa niliidaka ikiwa imeshafunguka. Chai ilimpata mkono wa kushoto, kutoka kwenye kiwiko kushuka. Ngozi imerudi, daktari anasema alama itafifia. Lakini sauti aliyoitoa siku ile haijatoka humu ndani. Nikikaa mezani naisikia.

Mimi ndiye mtu anayelipwa kutazama, Mama. Dereva akificha gunia moja la ziada chini ya turubai, namwona. Jicho lilikuwepo, zima kabisa, na mtoto aliungua. Tangu siku hiyo meza yetu haina kitambaa, na ukinikuta nimetandika kitambaa mezani tena, jua nimerukwa na akili.

Kwa hiyo unapokataa geti nakasirika. Na unapokataa hata kifuniko cha tangi, ambacho nilimwomba mwanao akichomelee kwa bamba zito, nashindwa kukuelewa. Alikuja tena mwisho wa mwezi uliopita akasema na hicho umekikataa. Tangi, Mama! Lile tangi lina kina cha kumzamisha mtu mzima. Unamlindia nani bati bovu?

Safari ni ya kikazi. Naomba usiniulize tena hilo.

Mkwe wako.


26 Aprili

Mkwe wangu,

Mkono wa mtoto ukoje? Ukinijibu anza na hilo, salamu zitafuata.

Nimekawia kuandika. Kuna sababu, na haikuhusu.

Aprili inakwisha na wajukuu sijawaona. Nilidhani umeninunia. Kisha nikaichukua barua yako tena, nikaisoma pole pole, nikafika pale pa kifuniko cha tangi. Nikarudia. Nikamwita jirani mwenye bati jipya, nikamwambia hebu nisomee hapa kwa sauti kubwa, nisije nikawa nasoma visivyoandikwa. Akasoma. Ni hivyo hivyo.

Kifuniko nimekikataa mimi? Mimi niliyemsumbua mwanangu kuhusu kifuniko hicho tangu mvua zianze, mpaka akaanza kupita mlango wa nyuma? Kila nikimwambia, jibu lake lilikuwa moja: "Subiri, Mama. Mkwe wako amekataza nisiguse kitu. Anasema kazi yangu ya ovyo, atakuja na fundi wake."

Nilifunga kitambaa kichwani nikaenda karakana. Nilimkuta amevaa ile kinga ya uso, cheche zinaruka, na mteja amekaa kwenye ndoo anamsubiri. Geti zuri, lina maua ya chuma. La mtu mwingine.

"Zima huo moto," nikamwambia.

Akazima.

"Mkeo alisema nini kuhusu mbuzi?"

"Mbuzi gani, Mama?"

"Yule asiyeweza kulelewa nyumbani kwangu akakua."

Mteja akainuka, akasema atarudi kesho. Nikamwambia kaa baba, na wewe una geti unalolisubiri, sikiliza jinsi mageti yanavyocheleweshwa.

"Nani alikataa geti la ngazini?"

"Hakuna aliyelikataa, Mama."

"Nani alikataa kifuniko?"

"Hakuna."

"Mimi na mkeo tumetukanana kwa barua tangu Februari. Nani alitufungulia huo ugomvi?"

Unajua alivyonijibu? Mwanaume mzima, ndevu mpaka hapa, alitazama chini kama siku aliyovunja kioo cha kabati langu. Akasema: "Muulize mkwe wako anakokwenda. Mimi nimeapishwa nisiseme." Akavaa tena kinga yake ya uso. Nikamgongea juu ya hiyo kinga kwa kiganja, hakuitoa.

Mkwe wangu, nimekasirika hata wino unaruka. Huyu mtu ametuchukua wanawake wawili wazima akatupiganisha kama kuku, na sababu yake ameifungia kinywani mwako. Basi ifungue. Na usiniletee tena habari za safari ya kikazi. Mizani haisafiri.

Mama mkwe wako.


7 Mei

Mama,

Mkono umepona. Alama imebaki kama ramani ndogo, yeye mwenyewe huiramba. Shikamoo.

Nimelia kwa hasira, na nimecheka kwa ajili ya yule mteja kwenye ndoo. Mwanao alipokuja nilimsubiri mlangoni na barua yako mkononi. Hakukana. Alikaa kwenye ngazi ya nje, akasema maneno ambayo sitayaandika kwa sababu ni yake, ukitaka muulize. Nami sijui nimfanye nini. Kuna saa natamani kumkumbatia na kuna saa natamani kumpandisha kwenye mizani na kumrudisha alikotoka na maandishi ya "mzigo umezidi."

Haya. Nina uvimbe shingoni, upande wa kulia. Ulianza kama punje, sasa hata kola ya shati haifungiki, na chakula kikavu hakishuki vizuri. Madaktari wa hospitali kubwa wanataka kuutoa. Wanasema hawajui ni wa aina gani mpaka wautoe waupime. Wanasema pia umekaa karibu na mishipa ya sauti, na kwamba naweza kuamka bila sauti, kwa muda au moja kwa moja. Siku yangu ilikuwa Aprili. Ilipita, kwa sababu sikuwa na mahali pa kuwaweka watoto ambapo ningelala kwenye kile kitanda bila kuliona tangi lako. Wamenipa siku nyingine mwanzoni mwa Juni, na daktari ameniambia bila kupindisha kwamba nikiiacha na hiyo, nisimtafute yeye kwanza, nitafute mtu wa kuwalea watoto.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Ulipokuja kwetu mara ya kwanza, kabla ya harusi, nilikuwa nimebeba pipa la maji kutoka bombani. Ulimgeukia dada yako ukasema, "Mwanangu amepata trekta." Wenzangu walidhani nimetukanwa. Mimi nililipenda neno hilo kuliko jina langu. Sikutaka uniweke kwenye kundi la wagonjwa, Mama. Sikutaka uniambie pole kwa ile sauti ya kuwaambia watu pole.

Kwa hiyo nilimwapisha mteja mtarajiwa wa kandambili yako, yaani mwanao, afunge mdomo. Kumbe mdomo aliofunga kwa hilo aliufungua kwa mengine.

Bado nataka geti.

Mkwe wako.


18 Mei

We mtoto,

Sikupi pole. Umesikia? Hutaipata kwangu, kwa sauti hiyo wala nyingine. Ungekuwa karibu ningekupa kandambili kwanza, mengine baadaye. Unakaa na kitu shingoni tangu lini, unapima malori, unanyonyesha, unanitukana kwa barua, na mimi nakujibu mambo ya zizi! Ningejua ningejibu vile? Umeniacha niwe mtu mbaya kwa sababu ulikuwa na aibu ya kuwa mgonjwa. Aibu gani? Trekta haliingii gereji?

Sasa nyamaza unisikilize.

Jana nilifunga mlango, nikapiga magoti sebuleni, nikatambaa. Usicheke. Umesema nyumba imejengwa na watu wazima kwa ajili ya watu wazima, nikasema ngoja niione kwa kimo cha Katapila. Nimekaa humu tangu nilipoolewa, na nyumba niliyoiona jana sikuwahi kuiona. Chini ya meza ya chakula kuna misumari imetokeza, imenichana nywele. Soketi nyuma ya cherehani haina uso, waya zinanitazama. Waya wa pasi unaning'inia kama kamba ya kengele, unamwambia mtoto nivute. Kwenye mwanya wa sakafu karibu na dirisha mna sindano za miaka yote niliyoshona. Nilikwenda karakana, nikachukua sumaku kubwa ya mwanangu bila kuaga, nikaipitisha kwenye zulia zima. Ilirudi imeota miiba kama nungunungu. Nilikaa pale chini nikaikasirikia hiyo sumaku kama mtu. Watoto wangu walipita juu ya hivyo vitu vyote, na mimi nilikuwa najisifu jicho.

Mafuta ya taa yamehamia kwenye dumu lenye kifuniko, juu ya kabati la stoo, na stoo ina kufuli. Chupa ya soda nimeivunja. Dawa zangu za goti, sumu ya panya, sabuni ya kuondoa madoa, vyote viko juu. Cherehani nimeihamishia chumba cha mbele, na mlango wake una komeo kwa nje, pale ambapo hata Meneja na mamlaka yake yote hafiki. Wateja wanalalamika hakuna mwanga. Nimewaambia wakashone kwa mwenye mwanga.

Na mwanangu. Nilimsimamia. Nilichukua kiti nikakiweka katikati ya karakana yake, nikamwambia leo hakuna mteja isipokuwa mimi. Alikata vyuma. Geti la chini, geti la juu, reli ya upande ule wa hewa tupu, na kifuniko cha tangi chenye bawaba na kufuli. Ilipofika kwenye bawaba ya mwisho akasimama. Moto umezimwa, kinga ya uso bado ameivaa. Nikadhani chuma kimemshinda. Kisha nikaona maji yanatiririka chini ya ile kinga, yanadondokea kwenye shati.

Akasema, "Mama, geti likikamilika, atakwenda."

Hilo ndilo alilokuwa amelibeba. Kwamba nyumba ikiwa haiko tayari, watoto hawaji; na watoto wasipokuja, hakuna wa kukupasua. Yule mjinga alidhani anakuzuia kufa kwa kutonichomelea geti.

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumbeba pia, lakini goti. Nikamwambia, "Na lisipokamilika, hatabaki. Washa moto."

Akawasha.

Walete watoto. Mlete na huyo daktari kama anataka kukagua.

Mama yako.


19 Juni, hospitali

Mama,

Shikamoo. Mwanao atakuletea barua hii kwa mkono, na safari hii nimeibandika gundi.

Naandika kwa sababu sauti haijarudi. Inatoka hewa tu, kama tairi. Wewe husikii na mimi sisemi. Wauguzi wangetuweka chumba kimoja tungekuwa wagonjwa watulivu kuliko wote. Walichokitoa wamekipima. Si kile tulichokuwa tunakiogopa. Nimemwomba daktari arudie, akarudia, nikamwomba aandike, akaandika. Mwanao aliketi sakafuni pale pale kwenye korido, watu wakawa wanamruka.

Nimekasirika pia, na kwa kuwa siwezi kupiga kelele itabidi uisome. Nilipowaleta watoto, jirani yako wa bati alinisindikiza mpaka kituoni. Njiani akanieleza ulivyoteleza kwenye ngazi mwezi wa tatu, ukiwa umebeba sare za wateja, ukakaa kitandani mpaka katikati ya Aprili. "Kuna sababu, na haikuhusu." Mama! Halafu ulitambaa sebuleni na mwili huo? Na mwanao alijua, na wewe pia ukamwambia afunge mdomo? Maskini, hakuna mwanamke ambaye hajamfunga mdomo.

Niambie habari za wanangu. Niambie kweli, usinipambie.

Mkwe wako.


2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo. Kuteleza niliteleza, ngazi ilikuwa na maji. Sasa kuna reli na mimi huishika, basi, tufunge hapo.

Umetaka kweli. Katapila anatembea. Alianza Jumapili, kutoka kwenye kiti mpaka kwenye mguu wangu, na toka hapo hajakaa. Meneja ameshajua kufungua geti la chini. Hakufundishwa na mtu. Alimtazama baba yake, akaingiza kidole, akainua komeo, akampitisha mdogo wake kama mlinzi wa benki. Nilimfokea fundi mpaka jirani akatoka nje. Komeo jipya linafunguka kwa kubana huku na kuvuta kule, hata mimi hunishinda nikiwa na haraka.

Sasa hili nalo ni kweli, na nimefikiria kukuficha, lakini naona familia hii imeficha vya kutosha. Jumatano nilikuwa napokea nguo kwa mteja mlangoni. Watoto walikuwa jikoni na mlango wa uani umefungwa. Nilijua umefungwa. Mteja akaenda, nikarudi jikoni, Meneja yupo peke yake anapanga vijiko.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Ameenda kazini," akasema.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Mwanangu, mimi sikuwa nimekimbia tangu nilipokuwa msichana. Siku hiyo nilikimbia. Nikamwona. Amekaa katikati ya kifuniko cha tangi, miguu ameitandaza, ana kijiko, anagonga chuma na kuimba. Maji nilikuwa nayasikia yakiitikia kwa chini kila akigonga, na mimi masikio yangu unayajua.

Nilimfikia nikakaa pale pale. Meneja akaja akaniuliza mbona Bibi amekaa juu ya tangi. Nikasema Bibi amechoka. Akasema na yeye amechoka, akapanda. Tukakaa wote watatu juu ya maji, na lile bamba halikutikisika hata kidogo.

Jirani alichungulia akasema Mungu amesaidia. Nikamwambia ndiyo, amesaidia, na mwanangu amechomelea pande zote nne. Nilikasirika sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa natafuta wa kumkasirikia nisipate, bati lenyewe la zamani nimeshalitupa.

Mumeo nilimwambia jioni. Alitoka uani, akalikanyaga bamba kwa miguu yote miwili, akaruka juu yake mara kadhaa, akarudi ndani akala chakula chote. Mlango wa uani umepata komeo la juu.

Hospitali wakikutoa usiende kwako. Kwako hakuna mtu, na mizani itakuita kabla hujakaza shingo. Njoo hapa. Nimekutandikia chumba cha chini, cha nyuma, kisichofikiwa na kelele za cherehani. Utalala mpaka jua liingie chumbani, sitasema neno. Ila nikuonye mapema: Katapila huamka kabla ya watu wote, na humwamsha aliye karibu kwa kumtia kidole jichoni. Hilo fundi wetu bado hajalipatia geti.

Mama yako.